Nani Alikutuma Uanue Samaki?

Furaha,

Barua hii nitakunyoshea kwa dirisha, ukiwa umeshakaa. Si nyumbani, wala njiani tukibeba mizigo. Ukishakaa na kupakata mufuko wako, dereva akiwa anaita "Mansa! Mansa!" akitafuta abiria wake wa mwisho, ndipo nitakupa. Unajua minibasi ya kwetu haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo utapata nafasi ya kusoma yote. Mimi nitakuwa nje, Neema mugongoni, Bupe ameshika kitenge changu, na nitafanya kama mutu anayeangalia mambo mengine. Na weye fanya hivyo hivyo.

Sasa hivi umeenda kuaga wenzako wa kwaya. Jua bado liko juu kidogo. Nimekaa nyuma ya nyumba, karatasi iko juu ya kibao cha kukatia mboga. Neema amelala. Akiamka nitaacha, akilala nitaendelea, basi ukiona mwandiko umepinda ujue ni mudogo wako.

Habari za dawa, za soksi, za kutunza pasipoti, sitaandika. Tantine Godé, yule aliyenipeleka China, alishakuhubiria hizo kuliko katekista. Mimi nataka kuongea juu ya lile neno ulilosema juzi.

Ulikuwa unageuza samaki juani, zile chisense zetu, reki mukononi, na hukuinua macho. Ulisema, "Mama, miye siendi. Ziwa ndjo limefunguliwa sasa, mvula haiyaisha, na we uko peke yako na batoto. Bataniita tena mwaka ingine."

Nilichukua ndoo nikaenda majini, ukafikiri nimekasirika. Hapana. Nilikuwa nimechoka tu, Furaha, na ndani ya kuchoka kule kulikuwa na sauti ndogo iliyoniambia: muache abaki. Sauti hiyo ilikuwa tamu. Ndiyo maana nilikimbia.

Hawatakuita tena mwaka mwingine. Nafasi ya shule ya China kama hii ukiiacha inamuangukia mutoto wa mutu mwingine, na ni haki yake. Ulijua hivyo uliposema. Ulikuwa unaniuliza swali, ila ulilivalisha nguo ya jibu. Basi jibu langu ndilo hili, na limekuwa refu kwa sababu lazima nipite mbali kidogo.

Kwanza kuchoka kwangu. Ni kweli nimechoka, siigizi. Tangu ziwa lifunguliwe watu wavue tena, mitumbwi inarudi imejaa, na chisense haingoji mutu: inatoka majini asubuhi, jioni iwe imekauka au imeoza. Baba yako yuko Kolwezi, na simu yake unaijua mwenyewe, siku nyingine inaita, siku nyingine inanyamaza. Siku ile nilipoanguka na homa pale muchangani, ni weye na mama jirani, Bana Chileshe, mulionibeba, na tangu hapo umekuwa ukiniangalia kama mutu anavyoangalia chungu chenye ufa. Nami nilikuacha uniangalie hivyo. Wakati mwingine niliguna kwa sauti kubwa kuliko maumivu yenyewe, ili usikie. Mutu akichoka sana anapenda aonekane. Sikujua kwamba unaokota miguno yangu yote, unaisokota kamba ya kujifunga miguu.

Sasa wacha nikuambie juu ya minibasi nyingine.

Ilikuwa pale pale ulipo, kituo kile kile. Nilikuwa nimefaulu, na shule ya bodingi kule Mansa ilikuwa imenikubali, mimi mutoto wa watu waliovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo na mukeka na sufuria tu. Sanduku langu lilikuwa juu ya gari, limefungwa kwa kamba. Nilikaa dirishani. Gari lilikuwa bado halijajaa. Ndipo mbingu ya upande wa Kilwa ikawa nyeusi, na kule chini pwani wakaanza kupiga kelele, "Imfula! Imfula!"

Unajua kwetu mvua ikija hakuna anayeuliza samaki ni wa nani. Aliye karibu anaanua. Hata kama munagombana, hata kama jana alikutukania mama, unaanua samaki zake kwanza, matusi mutaendelea nayo kesho. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Basi nilishuka. Nilimuambia dereva, "Minarudia sasa hivi." Nilikimbia mpaka pwani, nikazoa, nikafunika, nikazoa. Niliporudi nguo zimelowa, minibasi haikuwako. Sanduku langu lilifika Mansa, likalala huko, likarudishwa na gari lingine. Liliiona Mansa kabla yangu.

Siku zote nimekuambia nkambo wako, mama yangu mimi, ndiye aliyenikatia shule. Watu wengi nimewaambia hivyo, na yeye, Mungu amulaze pema, hakunipinga hata mara moja. Lakini hakuniita, Furaha. Alikuwa ameinama kwenye mvua, na aliponiona alinyooka kabisa, akasema, "We unafanya nini hapa?"

Nikasema, "Minakusaidia."

Akaangalia juu barabarani, akaniangalia mimi, akainama tena kuzoa. Kesho yake aliniambia niende. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo mvua ilinyesha tena.

Kisha ukaja weye. Usisome hapa vibaya. Nimeshajiuliza mara nyingi: kama ningebaki kwenye kiti, ningekuwa na shule na nisingekuwa na Furaha. Kila nikifika hapo naacha kujiuliza, naenda kutafuta kazi ya mikono. Weye sikujutii. Najutia kule kushuka. Mutu anaweza kubeba yote mawili, ni mazito tu.

Sasa muji unaokwenda, Shaoxing, kule China.

Weye unaujua kwa muchezo. Mulikuwa mukicheza "Mama kule China," weye na watoto wa Bana Chileshe: mumoja anavaa kitenge na kukimbia na majani kifuani, mwingine anamufuata na ufagio. Mulicheka mpaka mukaanguka, na mimi nilicheka nanyi. Lakini muchezo wenu uliishia kwenye ufagio, na mambo hayakuishia pale.

Tantine Godé alikuwa anaenda Shaoxing kununua vitambaa, na magoti yake yalikuwa yameanza kumusumbua. Alitaka mutu wa kubeba mifano ya vitambaa na wa kumushika kwenye ngazi. Weye ulikuwa umeng'oka meno ya mbele. Nilikuacha kwa nkambo, nikaenda. Baridi ya kule sina namna ya kukuelezea. Nilivaa koti la bwana wa Tantine, lilinifika magotini, na bado meno yaligongana. Soko la vitambaa ni kubwa, utapotea humo mwenyewe, sina haja ya kulisifu. Mimi nataka kusema juu ya muji wa zamani, ule wa maji.

Kwenye duka tuliponunua kulikuwa na musichana ambaye jina lake lilitushinda. Tantine akamuita Lili, naye akaitika. Alijua Kiswahili cha kuuzia: "Karibu mama, bei muzuri, kesho iko tayari." Siku moja, wakati vitambaa vyetu vinapigwa rangi, alitupeleka kuona alikozaliwa.

Furaha, barabara za kule ni maji. Si ziwa, si muto. Ni mifereji iliyochimbwa na watu wa zamani, maji yamekaa kimya katikati ya nyumba, na kila nyumba ina ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Kwenye ngazi wanawake wanafua, wanapiga nguo kwa ubao, pa, pa, kama hapa bandarini, na wanasengenya vile vile. Sikusikia neno hata moja, lakini kusengenya nakujua. Nilitaka kushuka nishike ubao. Madaraja ya mawe yamepinda juu kama mugongo wa paka aliyeogopa, na chini yake mitumbwi inapita, myembamba, yenye paa la mianzi lililopakwa rangi nyeusi.

Tulipanda mumoja. Mimi mutoto wa ziwa Mweru nikapanda kama tunavyopanda hapa, nikasimama wima katikati kuangalia muji. Mutumbwi ukayumba. Muzee mwenyewe, ana kofia nyeusi, akanipigia kelele moja, nikakaa chini bila kungoja Lili atafsiri. Kule watu wanakaa sakafuni na kunyoosha miguu. Na huyo muzee anapiga kasia kwa miguu. Nakuapia. Anaegemea nyuma, nyayo zake zinasukuma kasia refu, zinavuta, zinasukuma, na kwapani ana kasia dogo la kuongozea. Mukono mumoja ulikuwa huru kabisa. Alikuwa anakunywa chai.

Tantine akasema, "Angalia ile muzee. Miguu inatumika, mukono inapumuzika. Bwana yangu iko na byote bine, na byote binapumuzika."

Tulicheka mpaka muzee akageuka. Lakini mimi niliendelea kuangalia ile miguu. Nilifikiri: huyu hakupunguza kazi. Kazi ni ile ile. Ameihamisha tu kutoka kwa mikono, akaipeleka kwenye miguu penye nguvu zaidi. Nilitoka na fikira hiyo kule China, nikaileta mpaka hapa, na sijaitumia hata siku moja. Mimi bado ni mikono tu.

Neema ameamka. Ngoja.

Nimerudi. Amenyonya, amemutapikia Bupe, Bupe analia, wote wawili sasa wako kwenye mukeka wanaangalia kuku.

Lili alituonyesha jukwaa la muchezo lililojengwa juu ya maji, watu wanaangalia wakiwa ndani ya mitumbwi. Walioimba walikuwa wanawake peke yao, hata bwana arusi alikuwa mwanamuke, na sauti zao ni nyembamba, zinakupanda mugongoni. Tantine alimupenda sana yule bwana arusi. "Huyu ndjo wa kuolewa naye," akasema, "hatarudia na pombe." Na kweli kuna pombe kule, ya muchele. Wanaiweka ndani ya mitungi ya udongo iliyozibwa mudomo kwa tope. Lili alitueleza kwamba zamani, binti akizaliwa, baba yake anafukia mutungi ardhini, na siku ya arusi ya binti anaufukua, watu wanakunywa.

Tantine akauliza, "Na kama haolewe?"

Lili akafikiri. "Baba anakunywa yeye."

Wao walicheka, mimi nilikufikiria weye. Nilikuwa nimekuzaa kwenye nyumba ya majani, na hakuna kilichofukiwa chini siku ile isipokuwa kitovu chako. Ndipo nikanunua kile kitambaa chekundu, hariri, ulichokiona chini ya sanduku na kukatazwa kukigusa. Nilikiweka kwa arusi yako. Sasa kitafute sandukuni, hakiko. Nilikipeleka kwa mushonaji. Kiko ndani ya mufuko ulioupakata, chini kabisa, kimekuwa koti, na nimekitilia pamba ndani, kwa sababu kule ni baridi na arusi inaweza kungoja.

Basi, ufagio.

Tantine na Lili waliingia mahali kununua chakula kilichonuka vibaya sana, nami sikutaka kukionja. Nikabaki peke yangu kwenye njia ya kando ya maji. Njia ile ina paa. Paa refu la vigae linafuata mufereji nyumba kwa nyumba, kwa hiyo mutu anatembea wakati wa mvua na kichwa kikavu. Na nje ya paa, juu ya maji, walikuwa wametoa mianzi mirefu, na kwenye mianzi walitundika samaki. Si kama chisense yetu ndogo kama kidole. Samaki wakubwa, wamepasuliwa mugongo na kufunguliwa kama Biblia, wametiwa chumvi, wanatikisika kwenye upepo. Karibu nao, bata wa kukausha. Ulikuwa wakati wao wa kukausha, kabla ya mwaka wao mupya. Harufu ile, Furaha! Nilifunga macho nikawa hapa kwetu Kashikishi.

Na tone likaniangukia puani.

Sikufikiri. Nilivua kitenge nilichojifunga juu ya koti, nikarukia samaki wa kwanza, nikaanza kuanua. Mwingine, na mwingine. Tena nilipiga kelele, na kwa Kibemba: "Imfula! Imfula, bane!" ili majirani wasikie. Majirani walisikia. Mulango ukafunguka, akatoka nkambo mumoja mufupi na ufagio, akakuta mugeni mwenye koti la mwanaume amekumbatia samaki zake.

Ufagio ulinipata begani. Haukuuma, koti lilikuwa nene. Alipiga kelele na mimi nikapiga, yeye anaonyesha samaki, mimi naonyesha mbingu. Watu wakajaa. Hapo ndipo unaishiaga muchezo wenu.

Lakini nkambo aliangalia mbingu. Akaangalia kitenge changu. Akaweka ufagio chini, akachukua kijiti chenye panda, akakiingiza chini ya muanzi mumoja ambao sikuwa nimeufikia, akauvuta. Muanzi wote, na samaki wote waliokuwa juu yake, uliingia chini ya paa kwa mara moja. Kwa mukono mumoja. Kazi ilikuwa imekwisha. Na mvua yenyewe yalikuwa manyunyu, yakapita.

Nilibaki nimesimama na samaki kifuani, na samaki hawakunihitaji.

Lili alipofika akihema, nkambo alimuuliza jambo, na Lili akanigeukia. "Anasema, nani alikutuma?"

Nikasema, "Hakuna. Mwambie kwetu hatutumwe. Mvula ikikuya, mwenye iko karibu anaanua."

Lili alihangaika sana kulifikisha. Nkambo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Akanivuta mukono, akaniingiza ndani, akanikalisha karibu na makaa. Alichukua samaki mumoja wa wale niliowaanua, akamupika kwa mvuke, akamuweka juu ya wali, akanimiminia pombe ya muchele ya moto kwenye bakuli. Alinitazama nikila kama nkambo wako alivyokuwa anatazama watu wakila, mikono magotini, mudomo unatafuna pamoja nami. Nilipomaliza akauliza tena jambo, na Lili akatafsiri.

"Anauliza, na samaki zako leo, nani anaanua?"

Nikalia pale pale, bakuli mukononi. Tantine alifikiri ni pombe.

Siku iliyofuata Tantine aliniambia, "Baki hapa. Unipokelee bitambaa, ujifunze kazi, Lili atakusaidia. Miye magoti yangu haiwezi tena." Yule nkambo alikuwa ametuma neno kwa Lili: chumba chake cha juu kiko tupu, dirisha linaangalia maji. Nilisema hapana. Nilisema mama yangu yuko peke yake na mutoto, mvua inanyesha, na samaki wako muchangani. Tantine alinibembeleza mpaka akachoka. Siku zilizobaki nilikaa chumbani nikiangalia ukuta, nikingoja ndege. Muji ule wote ulikuwa nje ya mulango wangu, sikutoka.

Nilipofika hapa sikupitia nyumbani. Nilitelemka mpaka pwani na muzigo kichwani. Muchanga ulikuwa mutupu. Nyavu zimekunjwa, mitumbwi imegeuzwa kifudifudi. Nikapanda nyumbani, nikakuta nkambo wako amekaa mulangoni anakusuka nywele.

"Ulirudia nini?" akaniuliza.

"Juu ya samaki."

"Samaki gani? Ziwa limefungwa."

Lilikuwa limefungwa, Furaha, kama linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazae. Hata mutoto wa mugongoni anajua. Mimi nilisahau. Nilivuka dunia kuja kuanua samaki ambao hawakuwako. Na weye ulikuwa umenona, umetulia kati ya magoti ya nkambo, ukanitolea yale mapengo yako ukasema, "Mama, uliniletea nini?"

Nimekaa na jambo hili miaka, na sasa nadhani nalijua. Niliogopa. Muji ule ulinifungulia mulango, na mimi milango sijaizoea. Samaki ni mahali pazuri pa kujificha, maana hakuna atakayekulaumu ukisema unaenda kusaidia mama. Na hata kule nyuma, kwenye minibasi, nikisema kweli, nilikuwa nimeanza kutafuta sababu ya kushuka kabla wingu halijaonekana. Lilipoonekana nilifurahi.

Kwa hiyo uliposema "miye siendi," nilisikia sauti yangu. Pengine weye huogopi, pengine ni huruma tu. Lakini jiangalie vizuri. Kama ni hofu, iite hofu, usiipe jina langu.

Leo asubuhi, ulipokuwa unachota maji, nilikwenda kwa Bana Chileshe. Unajua mimi si mutu wa kuomba. Samaki zake nimezianua miaka yote, na zangu nazikimbilia mwenyewe kabla mutu hajafika, ili asije akasema. Nilisimama mulangoni kwake nikizungusha maneno, mwishoni nikasema, "Bana Chileshe, Furaha akienda, mvula ikikuya, kama utakuwa karibu..."

Akaweka sufuria chini. "Mwe Bana Furaha! Unakuya kuomba hiyo? Kesho utaomba ruhusa ya kupumua?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Usiseme. Kila mvula tunakimbia kwako, tunafika, tunakuta umeshamaliza peke yako, umesimama na kiuno kinakuuma, unatuangalia kama tulikuya kuiba. Ule nkambo wa China na fagio yake, unajua ni nani? Ni weye!"

Mume wake, ambaye haongei, alicheka ndani mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, nikakaa chini kwenye kizingiti chake, akanipa chai. Ni mara ya kwanza nakunywa chai pale nikiwa nimekaa.

Basi hiyo ndiyo hali. Sikudanganyi kwamba sitachoka. Nitachoka, na siku zingine nitageuka nikuite jina lako kabla ya kukumbuka. Hiyo ni yangu, usiibebe. Ukifika kule, nenda kwenye ile njia yenye paa. Nkambo yule alikuwa muzee, pengine hayuko tena. Lakini kama yuko, au kama kuna binti yake, aliniuliza swali na sikumujibu, nililia tu. Umujibu kwa niaba yangu. Mwambie: samaki za mama zina watu.

Kwaya imenyamaza, utarudi sasa hivi, nami bado sijatia sufuria motoni. Nimeangalia juu. Upande wa Kilwa umeanza kuwa muzito.

Kesho alfajiri nitatandaza chisense kabla ya kukusindikiza, kama siku zote, siwezi kuiacha ioze. Kwa hiyo itakuwa muchangani wakati unasoma hapa. Kama dereva bado anangoja mutu mumoja, na unasikia matone juu ya bati la gari, na kule chini wameanza kuita, inua macho uangalie kwa dirisha. Utaniona nakimbia na Neema mugongoni, Bupe mukononi, bila kukuaga. Utamuona Bana Chileshe naye anakimbia, kanga inamuanguka, anatukana. Utuangalie wote wawili. Ucheke ukiweza.

Usishuke.

Mama